Dawa za Mzio Nilizozificha Nyuma ya Kabati

Siku nilipojua kwamba nina mimba, nilikusanya vidonge vyangu vya mzio, dawa ya kupuliza puani na kipulizio cha pumu, nikavifunga katika mfuko na kuusukuma nyuma ya kabati. Hakuna aliyeniagiza kufanya hivyo, niliogopa tu. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nikilala nimeketi, mito mitatu mgongoni, nikihema kwa mdomo na kifua kikilia kama filimbi.

Mkunga aliposikia kifua hicho alinipeleka kwa daktari siku hiyohiyo. Nilielezwa kwamba pumu isiyodhibitiwa humnyima mtoto oksijeni na huongeza uwezekano wa kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo, ilhali dawa ya kuvuta kifuani huingia kidogo sana katika damu. Kwa takriban theluthi moja ya wajawazito wenye pumu hali huwa mbaya zaidi, na mimi nilikuwa nimeisaidia kwa mikono yangu mwenyewe.

Kipulizio kilirudi mkobani. Kwa chafya na macho kuwasha niliandikiwa vidonge vya mzio vya loratadini, dawa ambayo, kama mwenzake setirizini, imetumiwa na wajawazito wengi kwa miaka mingi bila kuonekana kuongeza kasoro za kuzaliwa. Kwa pua nilipewa budesonidi, dawa ya kupuliza puani, na hapo ndipo nilipogundua kwamba kwa miaka yote nilikuwa nikipuliza dawa ya pua vibaya: unainamisha kichwa kidogo, unashika chupa kwa mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na ncha inaelekea upande wa sikio, si kwenye ukuta wa katikati ya pua. Vidonge vya kuzibua pua vyenye pseudoefedrini nilikatazwa, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, kwa kuwa pia hupandisha shinikizo la damu. Sindano za kuuzoesha mwili vitu vinavyoleta mzio, nilizokuwa nimepanga kuanza, ziliahirishwa. Aliyekwisha kuzianza anaweza kuendelea, lakini kwa kawaida hazianzishwi wakati wa mimba.

Hata hivyo pua haikufunguka kabisa, kwani mimba yenyewe huvimbisha utando wa ndani ya pua hata kwa asiye na mzio, na kwa hilo vidonge havisaidii sana. Maji ya chumvi, yaliyotengenezwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yalinipa angalau saa chache za usingizi.

Katika mwezi wa nane viganja na nyayo vilianza kuwasha usiku, bila upele wowote, nikanyoosha mkono kuchukua kidonge. Bahati nzuri nilipiga simu kwanza: mwasho wa namna hiyo huweza kutokana na ini, nao huhitaji kipimo cha damu kwa sababu unaweza kumdhuru mtoto. Majibu yangu yalikuwa mazuri.

Pua ilizibuka siku ya sita baada ya kujifungua. Harufu ya kwanza niliyoipata sawasawa ilikuwa ya nepi.