Boksi la chaki

Mwaka 2010 nilikuwa kidato cha tatu, shule moja ya kata Rungwe, kwenye mteremko wa migomba na chai. Mada ya uzazi tulishaimaliza katika Baiolojia. Mwalimu alichora mirija ya uzazi ubaoni, akaandika majina ya Kiingereza, nasi tukayakariri kama wimbo wa mchakamchaka. Nilipata alama 82. Lakini ungeniuliza ni siku zipi msichana anaweza kushika mimba, nisingekujibu. Njiani kurudi nyumbani tuliambizana kwamba soda na Panadol mbili baada ya tendo zinatosha.

Ijumaa moja ya mvua akaja nesi wa zahanati, sweta juu ya gauni jeupe, viatu vimejaa tope. Mwalimu wa nidhamu alikuwa amekaa nyuma ya darasa na fimbo yake.

"Mwalimu, naomba utupishe kidogo," akasema nesi.

Akatoka. Hapo ndipo darasa lilipoanza kupumua.

Akaweka mezani boksi tupu la chaki. Tuandike swali lolote, tusiandike jina. Vikaratasi vilipojaa akaanza kusoma, akijibu kwa Kiswahili kilekile tunachoongea sokoni Tukuyu. Soda haizuii chochote. Yai huishi kama siku moja tu, ila mbegu za mwanaume zinaweza kukaa mwilini mwa mwanamke hadi siku 5, kwa hiyo "siku salama" tulizokuwa tukihesabiana kwa vidole zilikuwa za kubahatisha. Mambo haya nilikuwa nimeyafanyia mtihani!

Kisha akafungua karatasi ya mistari, wino wa bluu. "Mimba ya miezi mitatu ikibonyezwa inajulikana?"

Wavulana wakacheka. Nesi hakucheka. Kila muhula wasichana tulipangwa foleni na kubonyezwa matumbo, na aliyekutwa na ujauzito hakurudi tena darasani. Akajibu taratibu kwamba kuanzia wiki 12 hivi mfuko wa uzazi huanza kushikika juu ya mfupa wa kinena. Akakunja kile kikaratasi, akakitia mfukoni mwa sweta badala ya kukirudisha kwenye boksi.

"Aliyeandika aje zahanati. Hata jioni. Sitamuuliza anasoma wapi."

Mimi ule mwandiko niliujua. Herufi "g" yenye mkia mrefu, niliiona kila siku kwenye daftari la mwenzangu wa dawati. Nilimtazama, alikuwa akichora maua pembezoni mwa ukurasa, kalamu ikikandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Nilitaka kumwambia twende wote zahanati. Kengele ikalia, nikaokota mwavuli wangu.

Wiki mbili baadaye tulipangwa foleni. Jumatatu iliyofuata nilikaa dawati peke yangu.

Waraka wa serikali wa kuwaruhusu waliojifungua kurudi shuleni ulitoka Novemba 2021. Nilipousikia redioni, nilimhesabia mtoto wake: alikuwa na miaka kumi.