Nilivyopambana na baridi ya Njombe kwa mashuka ya drafti

Nilihamia Njombe kikazi nikitokea Tanga, na mwezi wa sita wa kwanza ulinitia adabu. Nje jua linawaka, ndani sakafu ya simenti utadhani umekanyaga barafu. Makochi nilikuwa nimeyavalisha vile vitambaa vyeupe vya kufuma alivyonipa mama mkwe. Vinapendeza, ila ukikaa jioni mgongo unaganda.

Stendi kuna vijana wa Kimasai wanaouza katambuga na mashuka. Nikanunua manne, shilingi 18,000 kila moja: mawili mekundu yenye drafti nyeusi, moja la bluu na moja la zambarau. Siku hiyohiyo yote nikayatandaza sebuleni, moja hadi ukutani. Jirani alikuja kunisalimu, akaishia mlangoni.

"Kamwene, mama. Kumbe umefungua duka la watalii?"

Nilicheka, lakini alisema kweli. Drafti ina makelele. Zikikutana tatu chumba kimoja, jicho halijui litulie wapi.

Nikapunguza. La zambarau likaenda miguuni pa kitanda, la bluu kabatini. Kwenye kochi kubwa, ambalo ni la kijivu, nikabakiza jekundu moja na mito miwili ya rangi moja, isiyo na maua wala mistari. Sikulifunika kochi zima, maana ukifanya hivyo watu wanajua unaficha mchaniko. (Mchaniko ninao, upande wa kushoto. Ndiyo maana shuka liko kushoto.) Nililikunja mara tatu kwa urefu, nikaliangusha juu ya mkono wa kochi likaning'inia karibu na sakafu.

Sasa joto. Shuka moja ni jepesi. Wamasai wenyewe huvaa mawili au matatu kwa pamoja. Nikatafuta blanketi la manyoya la mtumba, rangi ya maziwa, nikampelekea fundi cherehani aliunge nyuma ya shuka. Akashona vizuri, nikaringa wiki mbili. Siku nilipolifua ndipo nilipojuta: shuka la pamba likasinyaa, blanketi likabaki vilevile, kitu kizima kikajikunja kama chapati iliyoungua. Rangi nayo ikachuja, yale maziwa yakawa waridi. Fundi hana kosa. Mimi ndiye niliyempelekea shuka ambalo halijawahi kuonja maji.

Jekundu la pili nilililoweka peke yake kwenye maji baridi usiku kucha, nikalisuuza hadi maji yakatoka meupe, nikalianika kivulini kwa sababu jua linapausha ule wekundu. Baada ya hapo ndipo likaenda kwa fundi na blanketi jingine. Safari hii nilimwomba, mbali na pindo, alishikize kwa sindano sehemu tisa katikati, pale mistari inapokatana. Vitambaa havichezi tena, na nyuzi zenyewe huzioni.

Mwezi wa saba mama mkwe akaja. Nikavirudisha haraka vile vitambaa vyake vyeupe kochini. Akavitazama, akavisogeza pembeni, akavuta shuka hadi magotini na kuomba chai. Siku ya kuondoka alilikunja mwenyewe akalitia kwenye mkoba wake, wala hakuuliza.

La bluu liko kwa fundi.