Nilivyojifunza kutambua enzi za sanamu za wahudumu wa makaburini

Nilipokuwa mwanafunzi mjini Xi'an, China, nilitaka niweze kusimama mbele ya sanamu ya mhudumu wa kaburini na kutambua enzi yake kabla ya kusoma kibao. Sanamu hizo za udongo zilizikwa pamoja na wakubwa ili wasikose watumishi huko waendako, na mwanzoni niliziona karibu zote zinafanana.

Kilichonifungua macho ni Yangling, kaburi la mfalme Jing wa enzi ya Han, aliyefariki mwaka 141 KK. Baadhi ya mashimo yake yamefunikwa kwa vioo, hivyo mtu hupita juu na kuzitazama sanamu zikiwa mle mle zilimozikwa. Zina urefu wa sentimita 60 hivi, nyingi zikiwa uchi na bila mikono. Nilipoinama kuichungulia mojawapo, niliona kuwa bega limekatwa bapa na katikati pana tundu. Mikono ilikuwa ya mti, na mwili ulivishwa nguo halisi za kitambaa. Mti na kitambaa vimeoza, udongo ukabaki. Tangu siku hiyo, kila nionapo sanamu, hujiuliza kwanza ni kitu gani kilichokuwapo ambacho sasa hakipo.

Swali hilo lilinifaa hata kwa sanamu za enzi ya Tang, iliyodumu kuanzia 618 hadi 907, ambazo nyingi hung'aa kwa rangi ya kijani, ya kaharabu na nyeupe ya maziwa. Mara nyingi kichwa kiliachwa bila rangi hizo, kwa kuwa huyeyuka na kutiririka tanurini, na zingefuta macho na mdomo. Uso ulipakwa rangi baada ya kuchomwa, na rangi ya namna hiyo hubanduka upesi. Mabaki yake huyatafuta nyuma ya masikio na kwenye mikunjo ya shingo.

Kwa wahudumu wa kike, umbo ndilo dalili ninayoiamini zaidi: wale wa karne ya 7 ni wembamba, wamevaa sketi ndefu zilizofungwa juu kifuani, ilhali kufikia katikati ya karne ya 8 mashavu yamejaa, nguo zimelegea na nywele zimerundikwa juu kwa wingi. Anayeanza ningemshauri aanze na hao, kisha ndipo ahamie kwa wanaume, ambao mavazi yao hayakubadilika kwa kasi hiyo.