Jefferson Street, namba 206

Aprili 2014 nilikuwa naendesha teksi Chicago, mwaka wa tatu tangu nitoke Mombasa. Nje ya stesheni ya Union akapanda mzee mmoja, Mmarekani mweusi, kofia ya sufu kichwani, koti limenyooshwa pasi. "206 South Jefferson." Nikaguna kimoyomoyo. Ni hapo nyuma tu, hata hela ya petroli hairudi.

Mtaa ule nilikuwa naupita kila siku. Una kibao cha kahawia kilichoandikwa Frankie Knuckles Way, nami siku zote nilidhani huyo alikuwa diwani.

"Diwani!" Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Amekufa wiki iliyopita. Alikuwa DJ wetu."

Jengo lenyewe ni la matofali, ghorofa chache, halina mvuto wowote. Kuanzia 1977, akaniambia, hapo palikuwa na klabu ikiitwa Warehouse, na Knuckles aliletwa kutoka New York kuja kupiga muziki. Watu waliingia Jumamosi usiku, wakatoka Jumapili jua limeshawaka. Pombe hakuna, juisi na maji tu. Wengi wao walikuwa weusi na Walatino, wanaume wanaopenda wanaume, waliokuwa wakizuiwa milangoni kwingine. Julai 1979, katika uwanja wa besibali wa jiji hilohilo, watu wanaouchukia muziki wa disko walilipua santuri zake huku wakishangilia. "Sisi tukaendelea kucheza," akasema. Na jina la muziki wa haus limekatwa kutoka Warehouse.

Hapo nikashtuka. Haus! Muziki ulionilowesha shati disko za Mombasa nikiwa kijana, nikijiona mwanamume kamili.

Kwa wanaume wale wanaopenda wanaume yeye alitumia neno la Kiingereza, lakini kichwani mwangu likageuka Kiswahili. Kwetu mama humwita jirani yake shoga kutwa nzima na hakuna anayegutuka; aitwe hivyo mwanamume, watu wanatema mate. Nami ndivyo nilivyolelewa. Nikakaza macho mbele, sikujibu kitu. Aliposhuka na kuniomba nimsubiri kidogo, niliiacha mita iendelee kuhesabu. Kwa makusudi, nisidanganye.

Alivua glavu, akaweka kiganja ukutani. Akakaa hivyo. Kisha nikaona vidole vikianza kugonga tofali, taratibu, nne nne, na bega likafuata. Mlango ukafunguliwa, akatoka kijana wa ofisini akamuuliza anamtafuta nani.

"Wameshaondoka," mzee akajibu. "Wengine kwa ukimwi, wengine sijui."

Nikanyoosha mkono nikazima mita.

Alirudi, akafunga mlango, akavaa glavu moja moja. Akachungulia mbele.

"Mita yako imezimika, kijana."

"Ina ubovu, mzee. Tangu asubuhi inanisumbua."