Siku Yangu na Kaoni Adimu, Kisumu

Saa 10:30 alfajiri. Mtaa wa Manyatta haujaamka, na huu ndio wakati pekee ninaoweza kuufanyia kazi utafiti wangu kwa utulivu, kwa kuwa mchana ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari. Shahada yangu ya uzamili inahusu tukio adimu mno: kaoni yenye chaji chanya, chembe ndogo kuliko atomu na isiyodumu, inapooza, yaani inapovunjika, na kuwa pioni moja (chembe nyepesi kuliko kaoni), nyutrino na antinyutrino (chembe zisizo na chaji ambazo ni vigumu mno kuzinasa). Modeli Sanifu, nadharia inayoeleza chembe na kani za msingi, inatabiri kwamba hali hiyo hutokea mara 8 hivi katika kila kaoni bilioni 100, na kwa sababu utabiri huo umekokotolewa kwa uhakika mkubwa, tofauti yoyote ingetudokezea chembe au kani tusizozijua. Mwaka 2024 jaribio la NA62 huko CERN, maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva, lilitangaza kipimo cha 13 katika bilioni 100, kikiwa na kosa la takriban 3 juu au chini. Kipimo hicho kimezidi utabiri, ila hakijauzidi kiasi cha mtu kutamka neno ugunduzi.

Saa 12:15 asubuhi ninapanda matatu kwenda kazini.

Saa 2:40 niko na Kidato cha Tatu. Nimekuja na gorogoro moja ya mahindi na mizani ya maabara. Wanafunzi wanapima gramu 100, wanazimwaga mezani na kuzihesabu kwa vidole, makundi ya punje kumi kumi, hadi wanapata punje kama 300. Kwa hesabu hiyo, gunia la kilo 90 lina punje zipatazo 270,000, na kwa kuwa 8 katika bilioni 100 ni kama moja katika bilioni 12, ili kuipata punje moja tu tunayoitafuta ingetubidi tuchambue magunia 44,000 hivi. Darasa linanyamaza. Kisha msichana mmoja anainua mkono.

“Mwalimu, kama nyutrino hazionekani, mnajuaje kwamba zilikuwepo?”

Swali hilo ndilo kiini cha kazi yote. Ninamwambia: ukimtuma mdogo wako Kibuye na shilingi 500, akarudi na 120, huhitaji kumwona muuzaji ili ujue kwamba 380 zimetumika. NA62 hupima momenta (wingi wa mwendo) ya kaoni inapoingia na ya pioni inapotoka, na kutokana na tofauti hiyo hukokotoa mraba wa tungamo la kilichopotea. Kaoni ikioza kuwa pioni mbili, moja yenye chaji na moja isiyo nayo, jambo linalotokea kwa asilimia 21 hivi, hesabu huangukia palepale kwenye mraba wa tungamo la pioni isiyo na chaji. Nyutrino mbili hugawana nishati kwa namna nyingi, kwa hiyo thamani zake hutawanyika.

Saa 10:20 jioni, chumba cha walimu kimebaki kitupu, nami ninafungua programu yangu ya kuiga mioza hiyo. Kwa wiki nzima kuna kitu kimekuwa kikinisumbua. Kaoni nyingi, asilimia 63 na ushei, huoza kuwa miuoni (chembe kama elektroni, ila nzito zaidi) na nyutrino moja, na katika grafu yangu ya mraba wa tungamo lililopotea zote zilikuwa zimejipanga kwenye sifuri, nadhifu kupita kiasi. Ninapitia mstari baada ya mstari hadi ninaliona kosa: niliipa miuoni tungamo lake halisi, ilhali mchanganuzi asiyeijua chembe anaichukulia kuwa pioni. Ninarekebisha neno moja na kuanza upya.

Saa 1:10 usiku, nikiwa nyumbani, grafu mpya imekamilika. Miuoni zimehama kwenda chini ya sifuri: zile za momenta ya GeV 15 (GeV ni kizio cha nishati katika fizikia ya chembe) ziko karibu na −0.033, na za GeV 45 karibu na −0.006, katika vipimo vya GeV mraba. Momenta inavyopanda, ndivyo zinavyolisogelea eneo la tukio tunalolitafuta, na sasa ninaiona kwa macho yangu sababu mojawapo ya NA62 kukataa chembe zenye momenta kubwa mno. Nimelisoma jambo hilo mara nyingi, lakini furaha ya kuliona likijitokeza katika hesabu yangu mwenyewe ni kubwa.

Saa 3:45 usiku ninaongeza kosa dogo la kipimo kwenye kila momenta, ili nione kilele cha pioni mbili, kilichosimama kwenye 0.018, kitamwaga mkia wake hadi wapi. Kompyuta inahitaji saa sita kumaliza. Ninaiacha ikiendelea, na kuitega kengele ya saa 10:30.