Acha makoti, tuma hela (na ukibaki na saa moja, chora mapaa)

Kila tetemeko kubwa likipiga nchi ya mbali mambo yanaenda vile vile, asubuhi video zinaanza kuzunguka, mchana watu wameshabadilisha picha ya profaili, jioni kuna mtu mwenye moyo mzuri anaandika kwenye grupu "jamani nguo tunapeleka wapi?" Na mimi ndo yule anayeonekana ana roho mbaya maana jibu langu halibadiliki: usipeleke.

Ngoja nieleze kabla hujaniblok.

Mwaka 1998 kimbunga Mitch kiliichakaza Honduras. Kuna mama anaitwa Juanita Rilling, alikuwa huko kama mtaalamu wa maafa upande wa Marekani, na amewahi kusimulia kwamba ndege ya misaada ilishindwa kutua kwa sababu kiwanja kilikuwa kimejaa marobota ya nguo ambazo hakuna aliyeziomba. Yaani watu wanasubiri dawa, ndege iko juu, chini kuna sweta. Huyo huyo amesimulia pia ya Indonesia baada ya tsunami ya Desemba 26, 2004, nguo zimerundikwa ufukweni, hakuna mwenye muda wa kuzichambua, zinaoza na jua na mvua, mpaka wakubwa wa pale wakaamua kuzimwagia petroli wakachoma. Na waliozituma wala hawakujua, wao walishalala usingizi mtamu wakijua wamesaidia.

Kama mmeshakusanya na mnaona aibu kuwarudishia watu, ziuzeni hapo hapo mlipo, kinachopatikana ndo kitumwe.

Dawa ndo balaa zaidi. Armenia ilipigwa na tetemeko Desemba 7, 1988 ikapokea kama tani 5,000 za dawa na vifaa vya hospitali, ikabidi watu 50 wakae miezi sita wanachambua tu, na kwenye zile ambazo hazikuharibika ni asilimia 30 hivi ndo zilikuwa rahisi kuzitambua. Hebu mfikirie mfamasia ameshika kopo lina maandishi ya lugha asiyoijua, hajui ni ya presha au ya minyoo, analigeuza analigeuza, na nje wagonjwa wamepanga foleni. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuchangia dawa mwaka 1996, na sharti mojawapo ni kwamba dawa ikifika iwe bado na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake. Kwa hiyo zile nusu pakti za antibayotiki zilizobaki kabatini, hapana, usizitoe hata kwa jirani.

Watu hudhani tatizo ni ubora wa vitu, eti tukituma nguo mpya itakuwa sawa. Siyo hivyo, tatizo ni mlango. Nchi ikipata maafa mlango wake wa kuingilia unakuwa mwembamba sana. Haiti tarehe 12 Januari 2010 tetemeko liliharibu bandari, uwanja wa ndege wa Port-au-Prince una njia moja tu ya kurukia, mnara wa kuongozea ndege nao ukawa haufai, ikafika mahali ndege ya shirika la Madaktari Wasio na Mipaka iliyobeba hospitali ya kupuliza (mahema yanayojazwa upepo) ikakosa nafasi ya kutua ikapelekwa Jamhuri ya Dominika, vifaa vikaja baadaye kwa barabara. Hospitali hiyo! Sasa kwenye mlango kama huo kila boksi linaloingia limemsubirisha mwenzake. Hata maji, ambayo kila mtu anaona ni msaada usio na ubishi, Rilling alishapiga hesabu: lita 100,000 za maji ya chupa zinawatosha watu 40,000 kwa siku moja, kuyanunua na kuyasafirisha kutoka Marekani ni kama dola 300,000, wakati kusafisha kiasi hicho hicho huko huko kwenye maafa ni kama dola 300.

Hela haikai foleni forodhani, na hela haimpangii mtu shida yake, huyu anataka turubai, yule anataka dawa ya kisukari, mwingine anataka nauli tu ampeleke bibi kwa ndugu mkoa mwingine. Masoko yanafufuka haraka kuliko tunavyodhani, wiki ya pili unakuta mama ameshapanga nyanya pembeni ya kifusi, ukimwaga bidhaa za bure pale unamuua kibiashara, ukiwapa wateja wake hela umesaidia wote wawili. Na usiseme yako ni ndogo. Haiti watu wa Marekani walichangia kwa meseji ya simu, dola 10 kila meseji, zikapita dola milioni 32.

Najua unachotaka kusema, hela italiwa. Wala sibishi. Msalaba Mwekundu wa Marekani ulikusanya karibu nusu bilioni ya dola kwa ajili ya Haiti, halafu mwaka 2015 waandishi wa ProPublica na NPR, vyombo vya habari vya huko huko Marekani, wakachimba wakaripoti kwamba nyumba za kudumu zilizojengwa zilikuwa sita. Sita! Shirika lilijitetea kwamba hela ilienda kwenye mambo mengine mengi, hospitali, maji, makazi ya muda, na sehemu ya utetezi huo ina mantiki, lakini ndo ujue hata jina kubwa linahitaji kuulizwa maswali. Mimi swali langu la kwanza huwa: hawa walikuwepo pale kabla ya maafa? Maana kikundi kilichokuwa kinafanya kazi kijiji kile kabla ya tetemeko kinajua nani ana mtoto mlemavu, nani anaishi peke yake, barabara ipi inapitika. Aliyefika jana na fulana zenye nembo hajui. Swali la pili, huwa wanasema "imetosha"? Baada ya tsunami ya 2004 Madaktari Wasio na Mipaka walitangaza mapema kabisa, siku chache tu baadaye, kwamba hela waliyopata kwa kazi hiyo inatosha, na waliochangia wakaombwa ruhusa hela ihamishiwe kwenye dharura nyingine. Kuna waliowashangaa. Mimi ndo nilianza kuwaamini.

Kuna kingine, ukichangia usiandike "kwa ajili ya watoto tu" au "kwa ajili ya mablanketi tu", acha iende penye pengo. Masharti yetu ni kama ya kumfurahisha mtoaji tu.

Matapeli wapo na wanawahi kuliko waokoaji. Baada ya tetemeko la Uturuki na Syria Februari 2023 kulikuwa na picha ya zimamoto amekumbatia mtoto, watu wakaishea huku wanalia, ukitazama mkono wake wa kulia una vidole sita, imetengenezwa na kompyuta, na chini yake kuna anwani ya sarafu za kidijitali za kutuma "mchango". Siku hizi vidole vinatoka vitano usitegemee hiyo tena. Usifuate linki ya kwenye posti, andika mwenyewe jina la shirika ufike kwenye tovuti yao, na anayekuharakisha, "changia ndani ya saa moja", achana naye.

Sasa kwa ambaye hana hela kabisa, hii sehemu ndo naipenda na sijui kwa nini haisemwi sana. Unaweza kuchora ramani. Haiti ilipopigwa, OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichora, ilikuwa karibu tupu pale Port-au-Prince, picha za setilaiti zikaachiliwa, watu wakiwa makwao huko duniani wakakaa na kompyuta wakachora barabara na kambi ndani ya siku chache, waokoaji wakaziingiza kwenye vifaa vyao vya GPS wakatembea nazo. Nepal ilipopigwa Aprili 25, 2015 walijitokeza maelfu, na Kathmandu kwenyewe kulikuwa na vijana wa Kathmandu Living Labs ambao walishaanza kuchora mji wao kabla, ndo ikawa rahisi.

Inavyofanyika ni hivi. Unafungua akaunti ya OpenStreetMap, unaingia kwenye Tasking Manager, tovuti ya kugawa kazi ya Humanitarian OpenStreetMap Team (kundi linalochora ramani za maafa), unachagua mradi ulioandikiwa wanaoanza, unapewa kamraba kadogo ka nchi ambayo pengine hujawahi kufika. Picha ya setilaiti inafunguka, unasogeza karibu, unaona mapaa. Unabonyeza kona ya kwanza ya paa, ya pili, ya tatu, ya nne, unafunga, unabonyeza herufi Q kona zinanyooka, kama ni nyumba ya msonge unabonyeza O inakuwa duara, unaweka alama kwamba ni jengo, unahamia la pili. Angalia usichore kivuli, asubuhi na jioni kivuli kinarefuka kinafanana na paa jingine, na mti mkubwa nao unadanganya. Ukimaliza unahifadhi, mtu mzoefu anapitia anakurekebisha, wengine wana maneno makali kidogo, vumilia. Hutajua kama hiyo nyumba bado imesimama, picha nyingi ni za kabla, lakini idadi ya mapaa inawapa watu wa kule makadirio ya familia ngapi ziko bonde lile, na majina ya mitaa watayaongeza wenyeji. Unahitaji kompyuta na intaneti ya kawaida tu, ukizoea unaweza kufanya huku unasikiliza redio.

Lugha nayo ni mchango. Haiti kulikuwa na namba 4636, watu wanatuma meseji kwa Kikrioli wakieleza walipo na wanachohitaji, na Wahaiti walio ng'ambo ndo waliokuwa wanakaa usiku na mchana kuzitafsiri na kuonyesha mtaa uko wapi, maana mtaa unaoitwa hivi kwenye meseji mgeni angeutafuta mpaka kesho.

Kwenda mwenyewe? Kama siyo daktari, mhandisi au mwokoaji aliyeitwa na timu yake, baki. Unakwenda kula chakula chao na kulala penye hema lao. Na mbaya zaidi ni wale wanaokwenda "kuokoa yatima". Mwisho wa Januari 2010 Wamarekani 10 walikamatwa wakijaribu kuwavusha watoto 33 kutoka Haiti bila vibali, na ikaja kujulikana wengi wana wazazi hai. Mtoto aliyepotezana na mama yake anatakiwa abaki karibu na pale mama yake atakapomtafuta.

La mwisho ni muda, na hapa karibu wote tunaanguka. Tunachangia siku ambazo kamera zipo. Kipindupindu Haiti kilianza Oktoba 2010, miezi tisa baada ya tetemeko, kilitokana na maji machafu ya kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa na kikaja kuua karibu watu 10,000, wakati huo dunia ilishahamia habari nyingine. Nepal hata baada ya mwaka familia nyingi zilikuwa bado kwenye vibanda vya mabati. Kwa hiyo mimi naigawa, nusu natuma wiki ile ile, nusu naweka kikumbusho kwenye simu miezi sita mbele, kikilia naangalia ni nani bado yuko pale anafanya kazi, huyo ndo namtumia. Wengi wanakuwa wameshafunga virago, na kutafuta waliobaki kunachukua muda kidogo, anza na vyama vya wenyeji.