Kidole gumba cha mguu wa kulia

Juzi tunatoka msikitini baada ya magharibi, mwanangu wa mwisho akaniuliza, "Baba, mbona kandambili ya kulia inakuvuka kila mara?" Nikamwambia tutaongea nyumbani. Nyumbani chakula kilikuwa mezani, mama yake anataka akaoge kwanza, swali likapita. Mimi ndiye ambaye halikunipita. Jibu lake ni refu, na nusu yake inamhusu mtu mwingine.

Nilikuwa kuli kwenye ghala moja la Barabara ya Nyerere, jina naliacha. Ilikuwa masika ya 2018. Tulikuwa tunashusha sukari, mifuko ya kilo 50, na semi ilishindwa kuingia vizuri kwa sababu ya matope, kwa hiyo ubao wa kushukia ukakaa mkali kuliko kawaida. Kazi yenyewe ni hii: wawili wako juu ya gari wanakutwisha, unageuka, unashuka, unapanga, unarudi. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Kwa mfuko mmoja tulikuwa ndani ya mstari. Lakini gari likishadaiwa kuondoka kabla ya saa kumi, mnatwishwa miwili miwili, na hakuna aliyeona ajabu.

Niliteleza katikati ya ubao. Sikuanguka. Nilijikaza, mzigo ukavutia kushoto, kiuno kikabaki kulia, nikasikia kitu kimeachia chini kabisa ya mgongo. Mwenzangu aliyekuwa nyuma yangu alitupa mifuko yake matopeni akanidaka kwapani. Sukari ile ilikatwa kwenye ujira wake.

Msimamizi alisema nipumzike, kesho nitakuwa sawa. Kesho yake sikuweza kuinuka kitandani. Mama watoto alinichua kwa mafuta ya mwarobaini, jirani akaleta mkanda wa mgongo, dukani nikachukua dawa za maumivu. Maumivu yakashuka kutoka kiunoni hadi pajani, yakafika kwenye ugoko, halafu ikaja ganzi. Niliporudi ghalani na karatasi ya hospitali, msimamizi aliisoma akanirudishia. "Mgongo huu hukuupatia hapa. Nyie wote mmekua mnalima."

Hapo ndipo penye ugumu wa mgongo. Mkono uliokatwa na mashine hauhitaji shahidi. Mgongo wa kuli umechakaa miaka mingi kabla ya siku unapoachia, na kipimo chochote kitauonyesha huo uchakavu, kwa hiyo mtu asiyetaka kukuandika ana pa kujishikia. Na ajabu ni kwamba fedha ya fidia haikuwa inatoka mfukoni mwa msimamizi wala mwa bosi wake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaowalipa wanaoumia kazini, ulikwishaanza tangu 2015, na mwaka ule waajiri wa sekta binafsi walikuwa wanauchangia asilimia 1 ya mishahara wanayolipa, bila kumkata mfanyakazi hata senti. Kilichoogopwa, nadhani, ni ajali kuonekana kwenye maandishi, na wakaguzi kuja kuuliza ubao ule ulikuwaje.

Mzee mmoja pale, kuli tangu enzi za mkonge, alinishika bega akaniambia nisikubali. Yeye aliijua sheria ya zamani ya fidia, ambayo ulemavu wa kudumu ulikuwa unalipwa kwa kiwango kisichozidi shilingi 108,000, maisha yako yote yakishaharibika. Alisema, "Sisi tulikuwa tunasamehe kwa sababu hapakuwa na cha kudai. Wewe kipo."

Taarifa ya ajali mwajiri anatakiwa kuipeleka ndani ya siku saba. Yetu ilipelekwa baada ya mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kwenda ofisini mara kadhaa, na ilikosa kitu kimoja: aliyeona. Kati ya wote waliokuwapo siku ile, aliyekubali kuandika ni yule yule aliyenidaka. Mimi nilikuwa na mkataba. Yeye alikuwa kibarua, wa kuchaguliwa getini kila asubuhi kwa kunyooshewa kidole. Aliandika nusu ukurasa kwa mwandiko wa shule ya msingi, akataja ubao, matope, mifuko miwili na saa, akaweka dole gumba juu ya sahihi yake ili kusiwe na ubishi.

Mengine nayapitia haraka. Kipimo cha MRI kilionyesha diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno imetoka na kubana mshipa wa fahamu upande wa kulia. Matibabu yalilipwa. Kipindi nilichokuwa nyumbani nililipwa asilimia 70 ya mshahara, na kwa kweli ndizo zilizowaweka watoto shuleni. Mazoezi ya viungo yalinirudisha kwenye kutembea. Kisha nikaitwa kwenye tathmini ya ulemavu.

Chumba kilikuwa kidogo, kitanda cha chuma, shuka la kijani lililopauka. Daktari alikuwa mama wa makamo, hana haraka. Akaniuliza naitwa nani, nina watoto wangapi, naweza kukaa kwenye daladala muda gani bila kusimama. Akaniambia niiname nishike magoti, akapima nilipoishia. Nikalala chali akaninyanyua mguu wa kulia ukiwa umenyooka, taratibu, anautazama uso wangu na si mguu. Akanichoma na kipini cheupe juu ya unyayo, huku na huku, "Unasikia? Na hapa?" Upande mmoja nilisikia ncha, upande wa pili nikasikia kama naguswa na pamba.

Halafu akasimama miguuni kwangu. "Baba, vuta vidole gumba vyote viwili, vielekee usoni kwako. Usiviache." Nikavivuta. Akaweka ncha ya kidole chake cha shahada juu ya kidole gumba changu cha kushoto, akasukuma chini. Hakikwenda. Akasukuma kwa nguvu zaidi mpaka kucha yake ikawa nyeupe, hakikwenda. Akahamia cha kulia. Aligusa tu. Kikalala.

"Tena, baba."

Nikajikaza mpaka nikashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Jasho lilikuwa linaniingia machoni. Akili yangu yote niliishusha kwenye kidole kile. Kilinyanyuka kidogo, akaweka kidole chake, kikalala tena bila ubishi wowote, mbele ya macho yangu. Miezi yote ile nilikuwa naeleza kitu kisichoonekana kwa watu wanaonitazama nikisimama wima na kusema mbona mzima. Nililia mbele ya yule mama. Hakuniambia ninyamaze. Alisubiri, akaandika, akaniuliza kama kandambili zinanivuka nikitembea. Nikashangaa amejuaje.

Tathmini ilitoka asilimia 12. Kwa sheria yetu, ulemavu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo na unaovuka hapo huwa pensheni ya kila mwezi, kwa hiyo nililipwa kwa mkupuo. Ndizo zilizofungua duka langu. Mtu akiniuliza kama zilitosha, hujikuta nageuka upande na upande. Asilimia 12 ya mgongo ni sawa, wamepima. Lakini kuli asiyeweza kutwishwa hajapoteza asilimia 12 ya kazi yake, amepoteza yote. Na bado, nikikumbuka zile 108,000 za yule mzee, siwezi kulalamika kwa moyo mweupe.

Ninachoshindwa kukiweka mahali ni yule mwenzangu. Baada ya kuandika ile nusu ukurasa, kidole cha msimamizi hakikumwelekea tena getini. Alisimama asubuhi nyingi, wengine wanaingia, yeye anabaki nje, mpaka akapanda basi kurudi kwao Singida. Afisa mmoja aliwahi kuniambia kibarua naye ni mfanyakazi mbele ya sheria, angeumia yeye angestahili kama mimi. Sawa. Lakini hakuumia. Alisema kweli tu, na kwa hilo hakuna aliyempima asilimia.

Nilipolipwa nilimtumia fungu kwa simu. Alirudisha. Nikatuma tena kwa jina la mkewe, safari hiyo akakaa kimya, nikashukuru.

Sasa anabeba vitunguu sokoni huko huko Singida. Lumbesa, ile gunia iliyoshonewa kichwa juu ikavuka kilo 100. Lumbesa inakatazwa na inakemewa kila msimu, na kila inapokemewa naona inakemewa kwa ajili ya mkulima anayepunjwa, jambo la haki kabisa. Ya mgongo unaoipandisha garini sijaisikia kwenye hotuba hata moja. Wiki iliyopita alinipigia, akasema mguu umeanza ganzi, anaanzia wapi.

Nimeshindwa kumjibu vizuri. Mimi nilikuwa na mwajiri wa kumdai aandike taarifa. Yeye leo anatwishwa na dereva, kesho na dalali, keshokutwa na mwenye shamba, kila mmoja anamlipa kwa gunia na kuondoka. Nimemwambia aende hospitali aeleze kazi anayofanya, karatasi azitunze. Nimemwambia pia awe anaandika kila siku tarehe, namba ya gari na mwenye mzigo, na mtu aliyekuwa karibu.

"Zitanisaidia nini, kaka?"

Nikamwambia sijui, aandike tu, na akikosa mtu wa kuandika kwamba ameona, mimi nitapanda basi.